Ubaridi wa Kati na Blanketi Nne za Bi Kidawa

Iko nchi moja, si mbali sana wala si karibu sana, ambayo mgeni akiuliza njia ya kufika huko huambiwa awafuate watu waliovaa sweta. Zamani iliitwa Fukutoni, na jina hilo lilikuwa la haki, kwa sababu jua la huko huingia hata mahali ambapo halikukaribishwa. Watu waliishi na madirisha wazi, wakakaa barazani na kanga mabegani, wakanywa maji ya mtungi, na hakuna aliyejua kwamba hali hiyo ni aibu.

Aibu hiyo iligunduliwa na Mtukufu Mpoza wa Taifa, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa kawaida tu. Alikwenda ziara ya siku tatu katika nchi ya watu wenye pua nyekundu, akalala katika hoteli yenye ubaridi wa kati, yaani mtambo mmoja uliofichwa huko chini unaopoza vyumba vyote kwa mabomba. Aliporudi hakuwa mtu yule yule. Jasho lilimtoka kabla hajamaliza ngazi za ndege, naye akatangaza pale pale uwanjani kwamba taifa linalotoka jasho haliwezi kufikiri. Kesho yake nchi ikabadilishwa jina, ikaitwa Jamhuri ya Baridini. Keshokutwa ikaundwa Wizara ya Ubaridi wa Kati Majumbani. Na mtondo, kabla wananchi hawajamaliza kupiga makofi, kuta zikaanza kutobolewa.

Kazi ile, tuseme kweli, ilikwenda haraka ajabu. Kila nyumba ilipata tundu moja la hewa, la mraba, lenye wavu mweupe, juu ya ukuta wa sebule. Matundu yote yaliunganishwa kwa mabomba mapana kama mapipa, yakapita juu ya mapaa ya mji mzima hadi Ikulu, ambako mtambo ulijengwa ili Mtukufu auangalie kwa macho yake mwenyewe. Kisha, kwa kuwa baridi ni kitu chepesi kutoroka, madirisha yote yalifungwa na kupigwa lakiri nyekundu ya Wizara. Kila raia akapewa Sweta la Taifa, la sufu nzito, buluu, lenye kola ya kufika masikioni. Vipimajoto vya zamani vikakusanywa kwa kukosa uzalendo, vikagawiwa vipya vya kadi, vilivyochapwa namba kumi na nane kwa wino usiofutika. Na pamoja na hayo yote kikaja kijitabu cha matunzo chenye sharti moja lililopigiwa mstari mara tatu: ni marufuku kuziba tundu la hewa, maana kilichotumwa kitarudi kilikotoka na kumdhuru aliyekituma. Wananchi waliguswa sana. Walikuwa hawajapata kuona serikali ikiwaomba wasiidhuru.

Siku mtambo ulipowashwa, hewa ilitoka kwa nguvu katika matundu, ikapeperusha mapazia na vumbi la makabati. Ilikuwa ya moto. Wizara, kwa kuwa inaona mbali, ilikuwa imeshaandaa maelezo, na yakasomwa redioni jioni hiyo hiyo: wananchi wasishtuke, hiyo ni baridi ambayo mwili haujaizoea.

*

Katika mtaa wa Kichangani aliishi Mize Shomvi, fundi wa majokofu na viyoyozi, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, ambaye bisibisi yake ilikaa ndani ya kilemba chake kama mwingine anavyochomeka kalamu. Aliishi na mama yake, Bi Kidawa, mjane mwenye ulimi mwepesi na kifua kizito. Mize alikuwa na kasoro moja tu iliyojulikana. Kuhusu mambo mengine aliweza kusema uongo kama mtu yeyote mwenye malezi. Alimsifu jirani yake Mwanaisha kwa mandazi yasiyoumuka. Ila kuhusu mashine hakuweza. Ulimi ulimgomea.

Kila Jumamosi alasiri Mjumbe wa Ubaridi, Bwana Makungu, alipita nyumba kwa nyumba kukagua mtetemeko. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa katika kubisha hodi mara tatu na kusubiri, ili watu wapate nafasi ya kuvaa sweta. Kisha aliingia, akasoma kipimajoto, akaandika kumi na nane, akakaa kitini na kuangalia familia ikitetemeka. Wenye meno waligonganisha meno. Watoto wadogo walitetemeka vizuri kuliko wote, kwa kuwa walifundishwa shuleni. Mjumbe mwenyewe alikuwa akivuja kuanzia kichwani hadi soksi, lakini hilo halikuwa jasho. Jasho lilikuwa limefutwa kwa sheria, na kilichobaki kikaitwa umande wa mwili.

Kwa kawaida saa hizo Mize alikuwa kazini, lakini Jumamosi moja Mjumbe alimkuta nyumbani, akakaa, akafungua daftari, akangoja. Bi Kidawa alikuwa akitetemeka kwa ustadi. Mize alisimama wima, mikono nyuma.

"Fundi Mize, hutetemeki," akasema Mjumbe.

"Sisikii baridi, Mjumbe."

Mjumbe aliangalia mlango, akashusha sauti. "Basi tetemesha mguu mmoja tu, mwanangu, niandike niende zangu."

"Mguu wangu hauna baridi. Hata wako hauna. Kiatu chako kimejaa maji mpaka kinalia."

Mjumbe alikitazama kiatu, akasema ni umande. Alishika kalamu, na ilionekana wazi kwamba hataki kuandika na kwamba ataandika. Asiyetetemeka katika nchi ile alipelekwa chuo cha ubaridi kwa miezi mitatu, na wengi waliorudi kutoka huko walitetemeka hata wakiwa usingizini. Bi Kidawa aliliona hilo kabla ya binti yake. Akainuka kwenye mkeka, akajikaza ndani ya sweta lake, akaanza kutetemeka upya, mabega, magoti, kidevu, bangili zikilia mkononi.

"Andika wawili," alimwambia Mjumbe. "Natetemeka kwa ajili yangu na kwa ajili yake."

Mjumbe aliandika wawili, akashukuru, akatoka upesi. Bi Kidawa akaanguka chali.

*

Hospitali ya mji ilikuwa na wodi mpya iliyoitwa Wodi ya Waliopigwa na Baridi, na ilikuwa imejaa hadi varandani. Wagonjwa wote walikuwa wekundu, midomo imekauka, ngozi ya moto kama kikaango. Kwa hiyo tiba haikuwa na utata. Bi Kidawa alifunikwa blanketi nne, akawekewa chupa za maji moto miguuni, akanyweshwa chai ya tangawizi iliyochemka. Mize alipomfunua, muuguzi alimfunika. Akamfunua tena, akafunikwa tena na onyo juu.

Daktari alikuja, kijana mwenye macho ya kuchoka na skafu shingoni. Alisema kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba mzee ameshikwa na baridi ambayo mwili haujaizoea. Kisha akainama kana kwamba anasikiliza kifua cha mgonjwa, akasema polepole, "Nyumbani kwenu kuna dirisha?"

"Lipo. Lina lakiri."

"Na lile tundu mnakaa nalo chumba kimoja?"

"Hatuna chumba kingine."

"Basi mama yako hamalizi mwezi huu," akasema daktari, akijiweka skafu sawa. "Na mimi sijasema kitu."

Bi Kidawa akarudishwa nyumbani pamoja na blanketi zake nne, ambazo zilikuwa dawa na kwa hiyo haikuruhusiwa kuziacha hospitali. Mize alimlaza karibu na mlango. Ile hewa kutoka juu ilikuwa ikimpulizia mzee usoni bila kuchoka, naye Mize alikaa akiitazama lakiri nyekundu ya dirishani kwa chuki ambayo hakuwahi kuihisi kwa kitu kisicho na roho.

Alifuata njia za halali kwanza, kama raia mwema. Akaenda Wizarani, akajaza Fomu ya Maombi ya Dirisha kwa nakala tano, mama yake akatia dole gumba kwenye kila moja. Karani alizipokea kwa heshima na kumweleza utaratibu. Maombi yote hupelekwa Ikulu, yakajadiliwe na Kamati ya Madirisha. Kamati hiyo hukaa siku za joto tu. Na kwa kuwa nchini hakuna joto, ilikuwa haijapata kukaa hata mara moja, jambo ambalo karani alilitaja kama ushahidi wa mafanikio.

*

Juma lilelile likatokea janga la kitaifa. Ikulu, ambayo siku zote ilikuwa na baridi ya nyuzi kumi na moja, ilipanda hadi kumi na nne. Mawaziri walionekana wakifungua kifungo cha juu. Mhandisi Mkuu wa Ubaridi aliitwa, lakini alikuwa hajawahi kuufungua mtambo. Kazi yake ilikuwa kukata utepe. Basi gari likatumwa Kichangani kumleta Mize.

Alipokelewa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Bakili Ngwamba, aliyevaa kofia ya manyoya ya mnyama ambaye nchi ile haimjui. Huko ndani Mize alitetemeka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na lilimuudhi jambo hilo. Kuta zilikuwa na ukungu. Mhudumu mmoja alikuwa na kazi ya kupasha wino moto ili barua zisainiwe. Kwa mbali, nyuma ya milango mingi, Mtukufu Mpoza alisikika akipiga chafya.

Mize alifanya anachofanya fundi yeyote. Akazima mtambo, akafungua mfuniko, akavuta chujio. Chujio la kiyoyozi huoshwa kila mwezi. Hilo lilikuwa halijaguswa tangu litoke kiwandani, na lilikuwa limezibwa na karatasi, safu juu ya safu, zimebanana mpaka zimekuwa ubao. Sanduku la maombi ya wananchi lilikuwa limewekwa pembeni, chini ya mahali mtambo unapovutia hewa. Karatasi zilikuwa zikinyonywa moja moja na kuganda hapo. Mize alizibandua. Zote zilikuwa Fomu za Maombi ya Dirisha. Ya juu kabisa ilikuwa na dole gumba la mama yake.

Aliikunja fomu, akaitia ndani ya kilemba pamoja na bisibisi. Akaosha chujio, akanyoosha kwa chanuo mapezi ya koili, yaani vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, akazibua bomba la kutolea maji, akapima gesi. Alipokuwa akizunguka nyuma ya mtambo alikutana na bomba kubwa kuliko yote, lililoandikwa kwa rangi nyeupe KWA WANANCHI. Akalishika. Akautoa mkono upesi na kuupuliza.

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri, "hakuna mashine inayotengeneza baridi. Inachukua joto mahali pamoja na kulitupa pengine. Nataka kujua, hili la humu ndani linatupwa wapi?"

Waziri alitabasamu kwa huruma ya msomi. "Fundi, joto lilifutwa kwa sheria. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kutupwa."

Mtambo ukawashwa, na Ikulu ikashuka hadi nyuzi tisa, ikavunja rekodi. Mtukufu alipiga chafya mara saba mfululizo, ikachukuliwa kuwa ni pongezi. Waziri alifurahi mno. Juma lililofuata ilikuwa Siku ya Ubaridi, na desturi ilitaka mwananchi mmoja wa kawaida asome redioni hotuba ya Wizara kuhusu faida na matunzo ya ubaridi wa kati majumbani, mji mzima ukisikiliza kwa lazima, kila mtu chini ya tundu lake, amevaa sweta lake. Mwaka huu msomaji angekuwa yeye. Na kwa kuwa Waziri alikuwa amesikia habari za mama yake, aliongeza kwamba baada ya hotuba Bi Kidawa atapewa, kwa hisani maalumu, nusu ya dirisha.

*

Mize alirudi nyumbani na hotuba mkononi, akamsimulia mama yake yote, kuanzia chujio hadi bomba. Bi Kidawa alisikiliza akiwa amefumba macho. Blanketi alikuwa amezisukumia miguuni, na hata kusukuma huko kulikuwa kumemtoa pumzi.

"Nusu ya dirisha," akasema mzee. "Na Mwanaisha hapo jirani, mwenye kichanga, yeye watampa nini?"

"Hawakusema."

"Na wewe unataka kufanya nini?"

Mize alisema ukweli, kwamba anataka mama yake apumue, na kama njia ni kusoma karatasi ile, ataisoma ulimi ukiwa umegoma au haujagoma. Alisema hivyo na machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni.

Bi Kidawa alifumbua macho. "Mimi nilitetemeka kwa ajili yako mara moja, na unaona kilichonipata. Usije ukatetemeka kwa ajili yangu. Nitakufa na aibu juu yake." Akavuta pumzi, akaongeza kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake asisahau chumvi sokoni, "Wewe ni fundi. Wakikuuliza matunzo, sema matunzo."

*

Siku ya Ubaridi, saa nne asubuhi, Mize aliketi mbele ya kipaza sauti. Nyuma ya kioo alikaa mtangazaji mwenye zamu ya kukata matangazo yakienda kombo, amevaa, kwa amri ya siku hiyo, glavu za sufu za sherehe, nene kama mito ya watoto. Kila familia ilikuwa imekaa sebuleni, buluu mpaka masikioni, ikipuliziwa.

Mize alianza kusoma faida, na alizisoma kama zilivyoandikwa. Kwamba ubaridi wa kati hausumbui watu kwa kelele, kwa sababu mtambo uko mbali. Kwamba hauchukui nafasi nyumbani. Kwamba husafisha hewa, huondoa unyevu, hulinda samani, hukuza fikra na huleta umoja, kwa kuwa nyumba zote hupumua kutoka kinywa kimoja. Waziri, aliyekuwa akisikiliza Ikulu na kikombe cha kahawa iliyoanza kuganda, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa nakuja kwenye matunzo," akasema Mize, akaiweka karatasi chini. "Hapa nitasema mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Mtambo nimeufungua na nimeuosha. Ni mzuri sana. Unatoa joto lote la Ikulu na kulitupa majumbani mwenu. Hicho mnachopuliziwa si baridi. Ni joto la Mtukufu."

Nyuma ya kioo mtangazaji aliruka na kuanza kutafuta swichi. Ilikuwa ndogo, katikati ya swichi nyingine arobaini, na glavu zilizikandamiza sita kwa mpigo. Alizima taa. Akawasha feni. Akapiga wimbo wa taifa nusu ubeti, ukakatika. Kuvua glavu hakukumjia akilini, maana kuzivua Siku ya Ubaridi ni kosa.

"Matunzo yenyewe ni mepesi," Mize aliendelea bila haraka. "Vueni sweta. Likunjeni liwe gumu. Pandeni juu ya kiti, mlishindilie ndani ya tundu mpaka lisipite hata uzi wa hewa. Kama mko sita, yatieni yote sita. Kile kijitabu kilisema kweli: kilichotumwa kitarudi kilikotoka. Kisha shikeni kisu cha jikoni, mkate lakiri, mfungue dirisha. Mama yangu ana siku chache za kuishi na ameahidiwa nusu ya dirisha. Hatuitaki. Tunataka lote, na la jirani."

Watu wa Baridini walitazamana. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu aseme redioni jambo ambalo ngozi zao zilikuwa zikilijua, na kwanza waliona haya, kama waliokutwa bila nguo. Halafu Mjumbe Makungu, peke yake nyumbani kwake Kichangani, akavua sweta. Lilikuwa zito kwa umande. Alilikamua kwanza, akapanda kiti.

Baada yake haikuwezekana tena kuhesabu. Vitasa vililia mtaa kwa mtaa. Bawaba zilizokuwa zimeshika kutu zilipiga kelele, lakiri zikaanguka barabarani nyekundu kama maua ya mkrismasi, na sufu ya taifa zima ikaingia katika matundu ya taifa zima. Mabomba juu ya mapaa yalivimba. Yakatulia. Kisha, kwa mngurumo mrefu, joto la miaka saba likageuka na kuanza safari ya kurudi nyumbani.

Simu ya studio ililia kabla Mize hajainuka. Alikuwa Waziri. Alisema, akihema, kwamba ukungu wa kutani umegeuka maji, kwamba Mtukufu amevua koti na shati na sasa anaulizia suruali, na kwamba Ikulu ilijengwa kwa vioo visivyofunguka. Afanyeje?

Mize alimwelekeza kwa upole wa fundi kwa mteja. Ajaze Fomu ya Maombi ya Dirisha, nakala tano, aitie katika sanduku lililo pembeni ya mtambo. Akaweka simu chini.

Mtangazaji alimfungulia mlango kwa mikono miwili ya glavu. Walinzi waliotumwa kumkamata alikutana nao kwenye ngazi, wamekaa, masweta yamefungwa viunoni, wakijipepea kwa hati ya kumkamata. Mmoja alimuuliza kama lile tundu la kituo cha polisi nalo linahitaji sweta moja au mawili. Akamwambia matatu.

Nyumbani alimkuta Bi Kidawa ameketi dirishani, viwiko juu ya kizingiti, kanga imeshuka mabegani. Mwanaisha ndiye aliyekata lakiri, na kichanga chake kilikuwa kimelala mkekani bila nguo. Upepo ulikuwa ule ule wa Fukutoni, wa vumbi na wa kawaida, wala haukuwa baridi hata kidogo. Mzee alikuwa akiuvuta kwa mdomo wazi.

"Wamekupigia?" akauliza bila kugeuka.

"Wamepiga. Mtukufu hajisikii vizuri. Anaungua mwili mzima."

Bi Kidawa alifikiri kidogo. "Maskini. Hiyo ni baridi ambayo mwili haujaizoea," akasema. "Mpelekee blanketi zangu."

Mize alizikunja zote nne, akazifunga kwa kamba ya katani, akaandika juu yake dawa. Mjumbe Makungu alijitolea kuzifikisha, akaondoka akiwa kifua wazi, kifurushi kichwani, akipita katikati ya mji wenye madirisha yote wazi isipokuwa ya nyumba moja.